Radieta Kubwa ya Chumbani kwa Dagny

Bodil Nørtoft akiingia kwenye nyumba ya mtu huvua viatu, husalimia, kisha huenda moja kwa moja kwenye radieta, lile bati la ukutani linalopitisha maji ya moto, na kuishika chini. Si juu. Juu ndiko kila mtu anakoshika, akikuta moto anaridhika. Bodil hushika chini, pale maji yaliyokwisha kupasha chumba joto yanapotokea ili yarudi kwenye kiwanda kinachousambazia mji mzima maji ya moto kwa mabomba, na kwa kiganja tu anajua kama mwenye nyumba ana akili au ana ubishi. Kiganja hicho amekipata kwa miaka thelathini na minane ya ufundi bomba, na hapa Lemvig, mji wetu wa Denmark, hakuna mwingine aliye nacho. Wanaobisha waje na vipimajoto vyao.

Alipoanza kazi, wanaume wa karakana walimbebesha mabomba mazito makusudi, wakisubiri alie. Hakulia. Aliyabeba, akayafunga, na kufikia mwaka wa tatu ni yeye waliyemwita kila palipovuja pasipojulikana. Ni mwanamke mfupi, ana mabega ya mtu aliyebeba chuma maisha yake yote, na mdomo wake hauna breki. Wateja humwogopa kidogo, halafu humwita tena.

Novemba moja aliitwa na Aksel Trudsø, mzee wa miaka sabini na tisa aliyekuwa mpima mizigo bandarini. Mkewe, Dagny, alikuwa na wiki ya sita katika nyumba ya kuuguzia wanaopata nafuu, baada ya kichomi kilichokaribia kumwondoa. Nesi wa manispaa, Merete, alikuwa amelisema jambo wazi: Dagny atarudi nyumbani iwapo chumba chake cha kulala kitashika nyuzijoto ishirini na moja, na angekuja kupima mwenyewe Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kisiposhika, kulikuwa na nafasi kwenye nyumba ya wazee. Dagny angehamia huko moja kwa moja, peke yake, baada ya miaka hamsini na minne ya ndoa.

Na chumba chenyewe hakikuwa hata na radieta. Aksel aliing'oa kwa mikono yake miaka ya sabini, ndoa yao ikiwa bado changa, mafuta yalipoadimika na watu wakakatazwa kuendesha magari Jumapili, na shida ilipokwisha hakuirudisha. Kulala kwenye baridi, dirisha likiwa wazi, ni jambo ambalo nusu ya mji huu hujisifia nalo, na Aksel alikuwa nahodha wao.

"Fundi, nimekurahisishia kazi," alisema, akamtandazia Bodil karatasi ya matangazo kwenye meza ya jikoni. Kwenye picha palikuwa na radieta nyeusi, nyembamba kama ubao wa kupigia pasi. "Ya kisasa hii. Ndogo, kwa hiyo inakula kidogo. Tunaweka moja tu sebuleni, tunafungulia koki mpaka mwisho, mlango wa chumbani tunauacha wazi. Joto litajipeleka lenyewe."

"Lina miguu?" Bodil akauliza.

"Nini?"

"Hilo joto lako. Maana toka sebuleni mpaka kitandani kwa mama kuna kona mbili na kabati."

Aksel akacheka bila kupenda. Bodil alimshika mkono, mkono wa mzee wa watu, akampeleka kwenye radieta ya zamani ya sebuleni, ambayo peke yake ndiyo iliyokuwa ikiwaka nyumba nzima, koki imefunguliwa mpaka mwisho, namba tano.

"Shika chini hapo, mzee wangu. Ikoje?"

"Ya moto."

"Haya. Hayo maji unayarudisha kiwandani na joto lake. Umeletewa sahani imejaa, umelamba juu juu, umeirudisha. Na mwenyewe unaita kubana matumizi."

Aksel akaiva uso. Huyu ni mtu anayemenya viazi kwa ganda jembamba mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia kwake, na hajawahi kutukanwa vibaya kiasi hicho ndani ya nyumba yake.

"Wewe umekuja kuniuzia mabati," alisema.

"Nimekuja kumrudisha mkeo. Sikiliza. Zamani maji ya mji yalitufikia yanakaribia kuchemka. Siku hizi yanakuja na joto la wastani, na ni vizuri, maana hayapotezi mengi njiani. Lakini maji ya wastani yanataka radieta pana. Ndogo, ili ikupashe, lazima ichemke. Kubwa inakupasha ikiwa vuguvugu tu, inayakamua maji mpaka yanarudi yamepoa. Hii ya picha yako ni nzuri kwa kutundikia taulo."

"Radieta isiyounguza mkono nayo ni radieta?"

"Ndiyo hiyo hasa."

"Mungu wangu," alisema Aksel, akakaa.

Bodil akatoa utepe wake wa kupimia. Alipima kila chumba, urefu na kimo, akapima vioo vya madirisha, akagonga kuta kusikiliza kama zina kitu ndani. Alimwuliza Aksel upepo wa magharibi unaingilia wapi. Saa mbili nzima aliandika kwenye kijidaftari. Kuna mafundi wanaochagua radieta kwa kuangalia nafasi iliyo chini ya dirisha, basi. Inayoenea ndiyo hiyo. Bodil hawezi kuvumilia kazi ya namna hiyo, na mimi namuunga mkono.

Alipomaliza hakuagiza kitu. Aliwasha gari akaenda kwa Dagny, kwa sababu ana desturi yake ambayo wenzake huicheka: hamwulizi anayelipa tu, humwuliza na atakayelala humo. Alimkuta mama wa watu kwenye kiti karibu na dirisha, mwembamba, amejifunika blanketi la kusokotwa.

"Nataka kujua unapenda chumba kiweje, mama."

"Mwulize Aksel. Mambo hayo anayajua yeye."

"Aksel nimeshamwuliza, na kidogo tuvunjiane vikombe. Sasa nakuuliza wewe."

Dagny alitabasamu, akatazama nje, akazungumzia bustani na paka wa jirani. Bodil alikunywa kahawa yake, akaona hapati kitu, akaaga. Alikuwa ameshashika mlango aliposikia nyuma yake sauti ndogo, ya haraka.

"Fundi. Weka kubwa."

Bodil akaweka kubwa. Chini ya dirisha la chumbani alifunga radieta pana kuliko kitanda, ya mabati mawili yenye mapezi ya kutawanya joto katikati, nyeupe, isiyo na urembo wowote. Sebuleni akafunga nyingine, na ya kiasi chake bafuni na jikoni. Kisha akafanya kazi ile ambayo mwenye haraka huiruka: alizibana kidogo koki za radieta zilizo karibu na bomba kuu, moja baada ya nyingine, ili zisiyanyonye maji yote na kuiacha ya chumbani na njaa. Magoti yake yalimuuma. Alitukana mara mbili, akamwomba msamaha Aksel, akatukana tena.

"Zote ziache kwenye namba tatu," alimwambia Jumatatu alipofungulia maji. "Zote, umenisikia? Usifunge hata moja, usiipandishe hata moja. Zifanye kazi pamoja."

Aksel alishika radieta mpya. Vuguvugu. Alimtazama fundi kama mtu aliyetapeliwa na hajui aanzie wapi kulalamika.

Alhamisi Bodil alifika saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya nesi, kuhakikisha tu. Kufungua mlango, akapigwa na upepo usoni. Madirisha yote yalikuwa wazi, na mapazia yanarukaruka. Aksel alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa tai.

"Aksel! Unafanya nini?"

"Mgeni anakuja," alisema, naye akishangaa kuulizwa. "Huwezi kumkaribisha mgeni kwenye hewa iliyolala."

Kipimajoto cha chumbani kilikuwa kinasoma kumi na tano. Mzee alipokiona, rangi ilimtoka. Hapo ndipo alipoelewa alichofanya: mwenyewe, kwa adabu zake, alikuwa amemfungulia mkewe njia ya kwenda nyumba ya wazee. Alikimbilia radieta, akaizungusha koki mpaka tano.

"Irudishe tatu," alisema Bodil.

"Atakuja sasa hivi! Atamchukua!"

"Irudishe. Umefungua kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Labda kumi na mbili."

"Basi umetoa hewa tu, kuta hujazigusa. Funga madirisha, uniwekee kahawa."

Alisema kwa utulivu, ila moyoni hakuwa mtulivu hata kidogo. Alijua hesabu yake. Tangu Jumatatu mabati yale mapana yalikuwa yakizilisha kuta joto pole pole, pamoja na godoro na kabati, na nyumba iliyoshiba haipoi kwa dakika kumi. Lakini hesabu ni hesabu, na huyu alikuwa mzee mwenye tai anayemwaga kahawa kwenye kisahani. Wakakaa jikoni. Bodil aliweka kiganja ukutani, nyuma ya mgongo wake, Aksel asione, na ukuta ulikuwa na joto. Merete alifika saa nne na dakika tano, akavua viatu, akaenda chumbani na kipimajoto chake mwenyewe, akakaa humo muda ambao Aksel hataki kuukumbuka. Alitoka anafungua zipu ya sweta.

"Ishirini na moja na nusu," alisema. "Nikipata wagonjwa wengine niwalete hapa?"

Dagny aliletwa Jumamosi mchana. Aksel alikuwa amepandisha bendera bustanini, kama ilivyo desturi ya siku za furaha, na Bodil alikuwepo, kwa kisingizio cha kutoa hewa kwenye mabomba. Walimwingiza mama chumbani, wakamlaza. Aksel alizunguka akimwonyesha kila kitu, akaeleza habari ya maji ya wastani na bati pana kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua, na Bodil alimwachia.

Dagny alinyoosha mkono, akauweka juu ya radieta, akauacha hapo. Alimngoja mumewe amalize maelezo.

"Aksel," alisema, "mimi nilikuwa nasikia baridi."

"Najua, mpenzi. Kichomi kile..."

"Sio kichomi. Humu ndani. Tangu tuoane."

Aksel aliketi ukingoni mwa kitanda. "Miaka yote hiyo? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajivunia mno," alisema Dagny. "Sikuwa na moyo wa kukuharibia."

Bodil aliinama akaokota mfuko wake wa vifaa taratibu, spana zisigongane. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja tu. Aksel alikuwa amevua ndara zake, amepanda kitandani mchana kweupe na tai yake shingoni, amemkumbatia mkewe, na alikuwa akimwomba radhi, tena na tena, kwa sauti ambayo haikuwa ya nahodha wa mtu yeyote.