Banda la Zuhura na zawadi ya Morogoro

Kuna siri ya kuku nimeificha miaka hamsini. Kwa jinsi daktari anavyonitazama siku hizi, bora niitoe leo.

Jana binti yangu Zuhura alimalizia banda la kuku wetu wanne, nyuma ya nyumba hapa ughaibuni, Don Mills, kabla theluji haijaanza.

Mimi nilikaa kitini na blanketi mbili, natoa amri.

"Ziba matundu yote ya juu! Baridi itawaua."

Akaziba. Si baba yake ndiye aliyetwaa zawadi ya ufugaji wa kuku kwenye maonyesho ya Morogoro?

Asubuhi tukafungua.

Kuta zinatiririka maji, maranda yamelowa, harufu inachoma macho.

"Baba! Unyevu huu ukigeuka barafu, tunawazika wote," akasema, huku akizibua mbio. "Kule mlifuga hivi kweli?"

Nikakohoa. Kikohozi cha mgonjwa huniokoa mara nyingi. Leo hakikuniokoa.

Haya, chekeni, nami nitasoma maoni yenu yote.

Kuku wale wa Morogoro walikuwa wa marehemu mama Zuhura. Mimi nilimjazia fomu ya maonyesho tu, na penye jina la mfugaji nikaandika langu.