Siku ya Kufunga Fibre

Wiki ile Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mama yangu aliacha kula. Alikaa sebuleni kwetu Kampemba, mbali kusini mwa nchi, mguu wake mgonjwa juu ya stuli, akiniuliza swali lile lile: "Dada yako anasema nini?" Dada hakuwa anasema kitu. Alikuwa kule na mume wake na watoto watatu, na simu za kule hazikupita.

Siku ya sita ikaingia SMS moja: "Tuko bazima, kwa masista. Batatupa Wi-Fi saa nane. Nitaita kwa WhatsApp. Mama akuwe karibu."

Mtandao wa simu mtaani kwetu ulipitisha SMS, lakini sauti ya WhatsApp ilikatika kila baada ya neno. Nilikuwa nimeomba fibre, ule waya mwembamba wa kioo unaoleta intaneti nyumbani. Waya ulishaingizwa ndani, ila hakuna aliyerudi kuufunga kwenye ruta. Asubuhi hiyo nilimpigia fundi mara nane. Mara ya tisa akaitika.

Alifika saa sita kwa pikipiki, mtu mzima mwenye mvi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na yeye mwenyewe alianzia kwenye nyaya za simu za stesheni. Alimsimulia mama hayo huku akimenya waya kwa koleo, akijaribu kumchekesha. Mama hakucheka.

Aliunganisha, akachomeka. Taa moja ikawaka kijani, ya pili nyekundu.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?" niliuliza.

"Mwangaza haifike," fundi akasema. "Kuko fasi waya imekunjika."

Akaufuata waya kutoka dirishani, mimi nyuma yake, macho yangu kwenye saa ya ukutani. Saa saba na nusu tukaikuta ile sehemu nyuma ya kabati la vyombo. Kabati hilo nililisukuma mwenyewe, nikitafuta nafasi ya magunia yangu ya maharagwe ya kuuza, na likaubana waya kwenye kona. Nikalivuta, fundi akapata nafasi. Alikata kipande kilichovunjika, akaunga upya taratibu mno. Taa nyekundu ikazimika, ikaja kijani. Nilikosea neno la siri mara mbili.

Mara umeme ukakatika. Saa nane kasoro dakika kumi.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Fundi akageuza ruta, akasoma maandishi ya mgongoni: volti kumi na mbili.

"Douze volts. Sawa na batri ya moto yangu." Akatoka, akafungua kiti cha pikipiki, akarudi na batri mikononi. Akakata waya wa chaja ya ruta, akazitenga nyaya zake mbili, chanya na hasi. "Kama nageuza plus na moins, modem inaungua. Unakubali?"

Nilimtazama mama.

"Fanya, baba," mama akasema.

Akagusisha. Taa zikawaka moja moja, na tukangoja, sisi watatu. Simu iliita saa nane na robo.

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Umekula?" ndilo neno lake la kwanza.

"Tunakula, mama. Batoto biko bazima." Akashusha sauti. "Baba yabo hayarudi. Alienda kutafuta maji, tangu juzi."

Fundi alitoka akaenda uani, akasimama ametugeuzia mgongo. Mama hakulia. Alimwagiza dada asimtafute peke yake, akayarudia majina ya wajukuu wote watatu mpaka kila mmoja akaitikia. Kisha laini ikafa.

Shemeji yangu hakupatikana. Miezi mitatu baadaye dada alifika kwa njia ndefu, Uganda, Tanzania, Zambia. Nilienda kumpokea mpakani Kasumbalesa. Alikuwa amekaa juu ya mfuko mmoja kando ya malori, na alikuwa amekonda hivi kwamba nilimpita mara mbili, mpaka mtoto mkubwa akaniita.