Mstari wa Buleusa

Nilitoka Goma na diplome ya enformatike, masomo ya kompyuta, wakati barabara nyingi za Masisi zilikuwa zimekatwa na vita. Huko Kirolirwe, mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo alinipa kazi kwenye depo yake, ghala la bidhaa. Alikuwa na maduka mawili mbali na sisi: moja Omate kwa wachimbaji, jingine Buleusa kwa wakulima. Kwa kuwa hakuweza kuyafikia, alitaka kuyaona akiwa amekaa.

"Unitengenezee kitu nitakuwa naangalia," aliniambia, "sawa vile shofere anaangalia mazuti na vitesi."

Tuliiita tablo de bor, kama ile dashibodi ya gari inayoonyesha mafuta na mwendo. Kila Jumamosi, rezo ya simu ikikubali, wauzaji walinitumia mauzo yao kwa mesaji. Niliyaingiza kwenye kompyuta yetu ya umeme wa jua, nayo ikachora mstari mmoja kwa kila duka. Wa Omate ulipanda. Wa Buleusa ulishuka, ukashuka tena, kwa sababu watu walikuwa wamekimbia vijiji. Patroni, ndivyo tulivyomwita tajiri wetu, aliipenda sana tablo hiyo. Alivaa miwani na kuifuata mistari kwa kidole mpaka kioo kikajaa alama.

Asubuhi moja kidole kilisimama mwishoni mwa mstari wa Buleusa.

"Hii iko inakufa. Tufunge. Bintu yote iende Omate."

Muuzaji wa Buleusa alikuwa mama mjane aliyebaki na duka wakati majirani walipoondoka, na mstari uliokuwa unamfukuza kazi niliuchora mimi.

"Papa, unipe mpaka kesho," nilisema. "Nilichanganya vitu vyote pamoja. Acha nitenganishe."

Nilishinda nikitenganisha: sabuni, chumvi, betri, vitenge, majembe. Karibu kila kitu kilishuka, ila majembe yalipanda, na mbegu za maharagi nazo zikapanda. Nilidhani nimekosea. Nikampigia simu yule mama wa Buleusa.

"Mama, ni nani wanakamata majembe hapo dukani?"

Alicheka. "Batu banarudia, mutoto wangu! Asubui banaenda ku mashamba, mangaribi banarudi kulala kule balikimbilia. Sabuni itangoja. Kwanza balime."

Kesho yake nilimwonyesha Patroni mistari mipya na kumweleza maneno ya mama. Aliufuata ule wa majembe kwa kidole.

"Njo kusema hawajaacha mashamba?"

"Hapana, Papa. Wako wanaanza."

Aliinuka, akaita watu wa pikipiki, maana gari lisingepita. Walipakia majembe na mbegu mchana uleule.

Kisha rezo ya Buleusa ikapotea. Majuma yalipita bila mesaji, na kila niliposikia habari za mapigano nilihisi kwamba mimi ndiye niliyepeleka mali ya mtu porini. Rezo iliporudi, mesaji za mama ziliingia zote kwa pamoja. Majembe yalikuwa yameisha. Baada ya mavuno sabuni ikapanda, vitenge vikafuata, halafu chaki. Nilipoona chaki nilimwita Patroni kwa sauti: shule ilikuwa imefunguliwa.

Vita havikwisha mwaka ule. Lakini njia ilipotulia kidogo nilipanda pikipiki kwenda Buleusa kumwona mama. Alinitazama juu mpaka chini.

"Njo weye mwenye kutuchora? Kwa simu nilizani uko mukubwa."

Kabla sijajibu alinisukuma nyuma ya meza nipime sukari. Watu walikuwa wamepanga mstari mpaka nje.