Kilima cha Paskalina

Siku niliyoripoti kazini Karatu, Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, hakunipa hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja chumba cha ekoo, kipimo kinachoonyesha moyo kwenye skrini kwa mawimbi ya sauti. “Binti, angalia kwanza, kazi utaanza baadaye.” Jamani! Nikaona vali, vile vijilango vya moyo, vikifunguka na kujifunga, vikifunguka na kujifunga, bila mtu kuvihimiza. Nilisahau salamu zote nilizoziandaa njiani kutoka Moshi.

Nilisomea fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Watu walidhani kazi yetu ni kukanda migongo ya madereva wa utalii, na kweli tuliikanda, maana barabara za Ngorongoro hazina huruma. Nilihamishiwa Loliondo, nikarudishwa Karatu, na kote huko walioniteka roho ni wagonjwa wa moyo.

Mmoja wao ni Paskalina wa Buger, kijiji cha huko Karatu, mkulima na mwimbaji wa kwaya. Ugonjwa wa utotoni ulimharibia vali, akaenda Dar es Salaam kuwekewa nyingine. Aliporudi, kilima cha kanisani kwao kilimshinda. “Dada, kama siwezi kuimba tena, walinipasulia nini?” aliniuliza huku analia. Daktari wa moyo akarudia ekoo, akapima na umeme wa moyo. “Vali ni nzima,” akaniambia. “Nenda ukaone anavyoishi.”

Nikaenda. Kumbe majirani wamemkalisha kama mzazi wa jana! Huyu anamtekea maji, yule anampikia, mwingine anamshika mkono hadi chooni. Ulikuwa upendo mtupu, na misuli inazidi kulegea.

“Mama zangu, naomba atembee,” nikasema.

Mama Yohana, mkubwa wao, akaja juu. “Atembee? Na kifua kimeshonwa! Akituangukia je?”

“Nitakuwa pembeni yake.”

Nikawafundisha kipimo kisichohitaji mashine. Akitembea, aweze kuzungumza ila asiweze kuimba. Maneno yakikatika, apumzike. Akiweza kuimba, mwili umepata nguvu, mwendo uongezwe kidogo.

Basi wakabadilisha huduma yao. Kila asubuhi walimsindikiza kilimani wakimchokoza kwa umbea ili ajibu, na akinyamaza wote wanakaa chini naye, kwenye vumbi, na kanga zao safi. Mimi nilipita na gari la kliniki kupima mapigo na presha. Kila nilipokuja, walikuwa wamefika juu zaidi.

Jumapili moja wakaniita. Tulipanda polepole hadi karibu na mlango wa kanisa. Mama Yohana akamuuliza habari za maharage yake. Paskalina kimya. Akauliza tena. Kimya. Nikanyoosha mkono nimshike mapigo.

Akaanza kuimba.

Sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, na haikukatika. Mama Yohana alipiga kigelegele huku machozi yanamtoka. Mimi niliviwaza vile vijilango, vikifunguka na kujifunga ndani ya wimbo ule. Kazi hii niliifanya hadi kustaafu na sikuwahi kuizoea.

Nimejenga huku huku Buger, na sasa mwenye presha ni mimi. Paskalina hunipitia asubuhi tukapande kilima. Nikinyamaza kidogo tu, anageuka: “Dada, ongea nikusikie!”

Basi mimi naongea, yeye anaimba.