Leo nimemuua Mwende

Leo nimemuua Mwende kwa gemu, na hapa nyumbani Mumbuni hakuna mtu ananiongelesha.

Ni ile gemu unasoma hadithi kwanza, halafu unapanga askari wako vitani. Askari akikufa, harudi tena.

Wangu niliwapa majina ya watu wa nyumbani, hata langu. Hapo ndio nilikosea.

Tukazingirwa. Lazima mmoja angebaki nyuma ili wengine watoroke. Nikamwacha Mwende.

Sasa, msichana wangu Mwende, tuliyemwita jina la mamangu, alikuwa ameketi hapo kando akisoma kila kitu. Akainuka, akaenda jikoni kwa nyanyake.

"Susu, baba ametuua."

Mama hakucheka. Aliniuliza tu, "Na ukaokoa nani?"

Wengine wote, wa kwanza yule mwenye jina langu.

Niambieni, hiyo unamjibu mamako aje?