Viti Viwili Vinavyotazamana

Shangazi yake ndiye aliyempa jina la Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na wala hakumwonea. Tangu utotoni binti huyo hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alipokua akapata shahada ya kwanza, lakini akawa msusi, kazi ya kusimama kutwa, ikamfaa. Sasa chuo cha mji wa mbali kilikuwa kimemkubali akasomee shahada ya uzamili ya saikolojia, na kilitaka neno moja tu kabla ya Ijumaa: anakuja au haji.

Jibu lilikuwa limekwama kwa baba yake. Tangu mama afariki walikuwa wakiishi wawili tu, yeye na mzee, fundi umeme aliyekwisha kustaafu. Siku alipopewa habari, mzee alisema, "Sawa," akaendelea kumenya chungwa. Sawa hiyo ilimtesa binti kuliko kukataliwa. Kama baba amefurahi, angekwenda. Kama anaumia, angebaki, na chuo kitafute mwingine. Lakini kwa sawa kavu namna ile mtu hawezi hata kufungasha begi.

Basi akawa hakai. Alifua mapazia masafi, akapanga kabati la vyombo, akalipangua akalipanga upya. Alinunua kitabu kinene cha saikolojia, cha mitumba, akazisoma kurasa za mwanzo huku akizunguka meza. Shangazi alimpigia simu kumshauri aolewe kwanza, eti vitabu haviendi popote. Kiguu alimwitikia vizuri, akakata simu, akaenda kupiga deki mahali palipokwisha kupigwa deki.

Kazini nako kukaharibika. Mwenye saluni, kwa fahari tupu, aliwatangazia wateja, "Huyu nje ya vichwa amemaliza, sasa anaingia ndani." Walicheka, kisha wakafunga midomo. Mwalimu wa chekechea, ambaye kwa kawaida alimsema mumewe kuanzia msuko wa kwanza hadi wa mwisho, siku hiyo alizungumzia mvua.

"Mbona leo umenipa habari za mawingu tu, dada?" Kiguu aliuliza.

"Nisije nikasomwa bure, mdogo wangu."

Lilikuwa neno la utani, lakini lilimwingia. Miaka yote watu walimmwagia ya moyoni wakiwa wamempa kisogo, vidole vyake vikiwa nyweleni mwao, na ndiyo sababu aliona kazi hiyo ya kusikiliza anaiweza. Kumbe kabla hata hajaanza masomo, wameanza kumkimbia.

Rafiki yake aliyemtangulia chuoni akampa dawa kwa simu. "Jizoeze kabla hujaja. Tafuta mtu, kaa mbele yake, mtazame, usimshauri kitu." Kiguu hakuwa na haja ya kumtafuta mtu. Alhamisi alirudi mapema, akaviburuta viti viwili katikati ya sebule, vikatazamana.

Mzee alitoka chumbani, akaviona, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, baba. Nataka tuzungumze, mimi na wewe."

"Mimi na wewe si tunaishi humu humu?" Alikaa hata hivyo, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini. Kiguu akamtazama. Mzee akatazama dari, kisha swichi ya ukutani, ambayo kweli ilikuwa imelegea kidogo. Mguu wa binti ukaanza kutikisika wenyewe.

"Nywele zangu zimeota," mzee akasema mwishowe. "Ukimaliza mkutano wako, ninyoe."

Kilichokuwa kimeota ni kidogo sana, ila wote wawili walishukuru kupata pa kukimbilia. Wakahamia barazani, kila mmoja na kiti chake. Kiguu akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine. Alipofika nyuma ya sikio, mzee akaanza kusema bila kuulizwa.

"Mama yako aliwahi kupata kazi ya ukunga, mbali. Hakwenda. Alisema mimi peke yangu sitaweza. Sikumwomba abaki, mwanangu, sikumwomba hata siku moja. Lakini kila tulipogombana alinitolea kazi ile. Amekufa mimi nikiwa ndiye niliyemzuia."

Maneno ya kumfariji yalimjaa Kiguu mdomoni, mengine ya kitabuni kabisa. Akayameza. Mashine ikabaki inanguruma hewani.

"Na wewe wiki nzima unanichungulia kama maziwa jikoni," mzee akaendelea. "Unataka mimi niseme nenda, au niseme baki, ili baadaye iwe ni mimi. Nimechoka kuwa sababu."

Ilimchoma, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na hasira kidogo: kwa nini mama hakumwambia yeye habari za kazi ile?

"Lakini nikienda utaumia?" akauliza.

"Nitaumia. Hilo ni langu, niachie mwenyewe."

Kiguu akazima mashine. Akachukua simu yake, akaandika kwamba anakuja, akatuma kabla moyo haujageuka. "Nimewajibu," akasema. "Nakwenda."

"Sawa," mzee akasema, na safari hii akageuka kumtazama. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo mashine."

"Sijamaliza, baba. Bado upande mmoja."

"Najua. Lete. Utakapokwenda atakuja nani kuumalizia?"

Akampa, akakaa kwenye kiti cha pili. Mzee aliiwasha, akaipeleka kichwani kwa kupapasa, akachora njia ya panya juu ya sikio, kisha nyingine, iliyopinda zaidi. Mikono ya Kiguu ikamwasha kwa kutaka kumsaidia. Akaikalia.