Msiba wa Gunia la Pumba

Joha, mshona nguo wa Kimamba, alimpenda mno Mama Siwema, mwanamke aliyemtunga mwenyewe kwenye daftari. Hapo ndipo kikundi chetu cha maigizo kilipokwama. Mama Siwema akiugua, dawa inapatikana kabla hajakohoa mara mbili. Shamba lake likikauka, mvua inashuka papo hapo. Tulipoigiza Mikumi watu waliondoka mmoja mmoja, na muuza ndizi mmoja akanigeukia mimi niliyecheza mume.

"Huyo mwenzenu hana shida, kaka. Sisi tunazo. Tukae tumtazame nini?"

Iliniuma, maana alisema kweli. Wakati wa kurudi Joha akaapa kwamba gulio la Kimamba ndiyo mwisho. Watu wakiondoka tena, daftari analitia jikoni, maigizo basi.

"Mpe mafuriko, dada Joha," nikamwambia.

Alininunia wiki nzima. Nilijua nimegusa kidonda. Miaka mitatu nyuma mto ulifurika ukamuua mama yake, na kwa kuwa njia zilikatika, walimzika watu sita tu. Hawakuwepo hata watani, wale ambao kazi yao msibani ni kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Joha hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Lakini Jumamosi alikuja na kurasa mpya, macho yamemvimba.

Gulioni alicheza Mama Siwema yeye mwenyewe. Maji yakabeba nyumba. Akamtoa mama yake majini amembeba mgongoni, akahangaika naye usiku kucha, na safari hii hakutokea mjomba wa kuwaokoa. Mama akafa. Watu wakaacha kutafuna miwa. Tukaliinua jeneza, yaani gunia la pumba tulilolifunika shuka, Joha akabaki mlangoni akilia.

Ghafla Mzee Mwinshehe, fundi baiskeli, akatoka kwa watazamaji akalala chali mbele yetu.

"Hapiti mtu! Bibi huyu alikuwa mchoyo, alininyima hata mlenda! Nataka kuku kwanza!"

Nilipandwa na hasira. Nikaona mzee ametuharibia kazi. Lakini watu walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na Joha naye akaachana na maneno ya daftari.

"Ondoka hapo, mtani! Mlenda uliumaliza wewe, ukalamba na sufuria!"

Hakuondoka mtu hadi mwisho. Tulipokuwa tunakunja mikeka nikamwamkia mzee, nikamwuliza kama hakujua yale ni maigizo.

"Nilijua ni gunia, Lazaro. Lakini mama yake Joha alikuwa mtani wangu, na siku ile sikufika, daraja lilikuwa limeondoka na maji. Leo ndiyo nimemzika."

Joha alikuwa nyuma yetu na shuka mkononi. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa fundi baiskeli, amebeba kuku wa kweli.